SOMO: Utando wa kolajeni kwa kano za ng'ombe (soma hadi mwisho ndipo uulize)

Jinsi ya kutengeneza utando wa kolajeni (protini inayojenga kano, ngozi na mifupa): nimejibu hili kwenye meseji hadi nimechoka. Utando huu huwekwa kati ya ufizi na pengo la mfupa, maana nyama ya ufizi huota haraka na kuuwahi mfupa nafasi yake. Huu wa kwetu ni wa mazoezi ya maabara, usimwekee mtu.

1. Nunua kano machinjioni alfajiri, zikae kwenye barafu.
2. Toa mafuta, katakata vidogo.
3. Loweka kwenye sodiamu haidroksaidi 0.1 M (moli kwa lita) siku 1. Suuza hadi pH irudi 7.
4. Loweka kwenye asidi ya asetiki 0.5 M na pepsini (kimeng'enya cha protini), siku 3, nyuzi joto 4.
5. Saga. Hapa niliumbuka. Niliacha blenda inguruma dakika 5 mfululizo, uji ukawa laini, nikafurahi. Ulipokauka ulikuwa mweupe, unavutia. Nikauweka kwenye maji ya chumvi ya nyuzi 37, asubuhi chupa tupu! Nilikuwa nimepika kongoro: blenda ilipasha moto, nyuzinyuzi 3 za kolajeni zilizosokotana zikafumuka, ikabaki jelatini. Haigeuki tena. Saga sekunde 10, pumzisha dakika 1, chombo ndani ya barafu, kipimajoto humo humo. USIKISIE kwa kiganja.
6. Chuja, tia chumvi ili kolajeni ijikusanye, kisha itoe chumvi kwa dayalisisi (kwenye mfuko wa utando ndani ya maji, chumvi itoke, kolajeni ibaki).
7. Mimina kwenye trei, gandisha, kausha kwa mashine ya kukaushia kwa baridi, kandamiza.
8. Funga nyuzinyuzi za kolajeni pamoja kwa EDC na NHS (kemikali za kuziunganisha), suuza sana. Glutaraldehaidi hufunga pia, ila mabaki yake huua seli.

MASWALI

– Mkuu, friji imekufa, hatua ya 4 naweza kufanyia mezani?
– Nyuzi 4. Imeandikwa.

– Naomba PDF.
– Hakuna.

– Shikamoo. Kwa nini si nguruwe, kama Bio-Gide, ule utando wa dukani wa Uswisi?
– Marahaba. Nguruwe anafaa kabisa, ila wagonjwa Waislamu wengi watamkataa. Ng'ombe naye ana hofu ya kichaa cha ng'ombe, kwa hiyo ujue katoka zizi gani.

– Na ngozi ya sangara?
– Swali zuri hili! Kolajeni ya samaki wa bahari baridi huyeyuka mapema mno. Ya sangara huvumilia hadi karibu nyuzi 36, lakini mwili ni 37, hivyo kuifunga, hatua ya 8, hakukwepeki. Jaribu, utuletee majibu.

– Barafu mnapata wapi?
– Kwa wauza samaki, bei poa. Ifunge kwenye mifuko miwili, la sivyo maabara nzima itanuka dagaa.