Namna ya Kufuatilia Azimio la Bunge la Marekani la Kufuta Mpango wa Ardhi ya Umma

Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi ya Marekani, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani (ambayo huko hushughulikia ardhi na maliasili, wala si polisi), inasimamia takribani ekari milioni 245, nyingi zikiwa katika majimbo ya magharibi na Alaska. Ardhi hiyo huongozwa na mipango ya usimamizi wa rasilimali inayoandaliwa eneo kwa eneo chini ya sheria ya mwaka 1976, na mipango hiyo ndiyo inayoamua mahali makaa ya mawe yanapoweza kuchimbwa, mifugo inapolishwa na wanyamapori wanapoachiwa mapito yao. Mpango mmoja huweza kuchukua miaka mingi ya utafiti, mikutano na maoni ya wananchi, ilhali Bunge linaweza kuufuta kwa azimio la sentensi moja. Mwaka 2025 ndipo lilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza, likaifuta mipango ya Miles City huko Montana, ya North Dakota na ya Central Yukon huko Alaska, yote iliyoidhinishwa katika miezi ya mwisho ya utawala wa Rais Biden.

Anza kwa kutafuta tarehe ambayo mpango uliwasilishwa bungeni, kwa maana kila kitu kinategemea tarehe hiyo. Sheria ya Mapitio ya Bunge ya mwaka 1996 inazitaka taasisi za serikali kuu ziwasilishe kanuni zao mpya katika mabaraza yote mawili ya Bunge, yaani Seneti na Baraza la Wawakilishi, kabla hazijaanza kutumika, na kuanzia hapo wabunge hupewa muda wa siku 60 ambazo hazifuati kalenda ya kawaida, kwa kuwa mapumziko marefu ya Bunge hayahesabiwi. Kwa miaka mingi mipango ya ardhi haikuwasilishwa, kwani haikuchukuliwa kuwa kanuni. Basi mbunge anayetaka kuufuta mpango huiandikia Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, ambayo ni chombo cha ukaguzi cha Bunge, akiuliza kama mpango huo ni kanuni, na ofisi hiyo ikijibu kwamba ndiyo, Bunge huanza kuhesabu siku zake kuanzia hapo, hata kama mpango wenyewe ulishaanza kutumika. Kwa hiyo usisubiri azimio liwasilishwe. Barua ya ofisi hiyo, ambayo huchapishwa wazi, ndiyo dalili ya kwanza.

Azimio likishawasilishwa, soma maandishi yake kwenye tovuti ya Bunge. Hutapata hoja wala maelezo, kwa sababu sheria yenyewe imeweka maneno yanayopaswa kutumika: Bunge halikubaliani na kanuni fulani iliyowasilishwa na taasisi fulani, na kanuni hiyo haitakuwa na nguvu. Halirekebishwi, na haliwezi kugusa sura moja ya mpango na kuziacha nyingine. Kwa hiyo fungua mpango wenyewe pamoja na ramani zake, uorodheshe yote yatakayoondoka, maana anayepinga kifungu kimoja cha makaa ya mawe huondoa pia vifungu vya maji, malisho na barabara ambavyo pengine hakuna aliyevilalamikia.

Katika Seneti, maseneta 30 wakitia saini, azimio huweza kutolewa kwenye kamati baada ya siku 20. Mjadala hauzidi saa 10, na wingi wa kawaida wa kura unatosha, hivyo lile hitaji la kura 60 kati ya 100 za kufunga mjadala, linalokwamisha miswada mingi, halitumiki hapa. Rais akitia saini, mpango umekufa. Akikataa, theluthi mbili za kila baraza zinahitajika ili kumshinda. Anayetaka kumwandikia mwakilishi wake afanye hivyo mapema, akitaja mpango kwa jina lake kamili pamoja na namba ya azimio.

Sehemu inayostahili uangalifu mkubwa kuliko kura zenyewe ni yale yanayofuata. Mpango uliofutwa huhesabiwa kana kwamba haukuwahi kuanza kutumika, na Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi hairuhusiwi kutoa mwingine ulio sawa na huo kwa kiasi kikubwa mpaka Bunge litunge sheria mpya ya kuuruhusu. Sheria haielezi ni ufanano wa kiasi gani unaokatazwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo madhara yalipo: watumishi wanaoandika mpango mpya wanaweza kuogopa hata yale mambo ambayo kila upande uliyakubali. Tena wanasheria wameuliza swali ambalo halijapata jibu la mwisho, kwamba ikiwa mipango hii ni kanuni, je, mingine ambayo haikuwasilishwa bungeni tangu mwaka 1996 ilianza kutumika kihalali? Vibali vya malisho na mikataba ya mafuta vimetolewa kwa kuitegemea.

Baada ya saini ya rais, uliza tawi la Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi katika eneo husika ni mpango upi wa zamani unaorudi kutumika, kisha uulinganishe na ule uliofutwa ukurasa kwa ukurasa. Halafu fuatilia Rejista ya Shirikisho, yaani gazeti rasmi la serikali kuu, ambamo tangazo la kuanza kuandaa mpango mpya hutolewa pamoja na muda wa maoni. Unapotuma maoni, taja bonde, mto au kitalu unachokijua, na uombe ofisi ieleze kwa maandishi ni vifungu vipi inaamini bado inaruhusiwa kuvirudisha.