Kuandika wasifu wa mwalimu aliyeingia siasa

Anza na miaka, sifa zitakuja zenyewe. Kwa Maalim Seif Sharif Hamad, mwanasiasa wa Zanzibar, chora safu mbili: mwaka na cheo. Alizaliwa Mtambwe, Pemba, 1943. Akasomesha sekondari, kisha 1972 akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwenye ualimu usipite mbio: jina "Maalim" limetoka huko, na halikumbanduka hata alipokuwa mkubwa serikalini.

Wengi huteleza kwenye vyeo. Alikuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar 1984 hadi 1988. Cheo hicho kilifutwa 2010, wakaja makamu wawili wa rais. Yeye akawa Makamu wa Kwanza, mara mbili. Ukiandika "Waziri Mkuu" umeshaharibu. Vyama navyo: CCM, CUF, halafu ACT-Wazalendo kuanzia 2019. Alifariki 17 Februari 2021.