Umekwama kwenye fumbo la maneno la gazeti? Namna ya kuomba msaada unaojaza mraba

Wengi wakikwama kwenye fumbo la maneno huuliza nusu swali. "Eti, sifa ya bidhaa njema ni nini?" Aliyeulizwa anataja maneno manne, hakuna hata moja linaloingia, na wote wawili wanachoka. Swali halikutaja idadi ya visanduku wala herufi zilizokwisha kupatikana. Msaada wa maana huanza hapo, iwe unamuuliza mzee barazani Ngamiani, mtaa wa mjini Tanga, unafungua kamusi au unatumia simu.

Chora mraba huu mdogo kwenye karatasi tuufanyie kazi. Nukta ni kisanduku kitupu, namba ni kisanduku kinachoanza neno, na ■ ni kisanduku cheusi. Namba iliyo kwenye mabano baada ya kidokezo ni idadi ya herufi.

1 . 2 . 3 .
. ■ . ■ . ■
4 . . . . ■
. ■ ■ ■ . ■
5 . . . . ■

Kulia: 1. Mmea wa nyuzi uliovuma Tanga (6). 4. Sifa ya bidhaa njema (5). 5. Sala ni mojawapo (5).
Chini: 1. Hukuna bila kucha (5). 2. Si tezi (3). 3. Mahali pa kuweka mazao (5).

Hatua ya 1: Penseli kwanza

Tumia penseli ya HB na kifutio laini. Karatasi ya gazeti ni nyepesi, ukiisugua mara mbili mahali pamoja inatoboka. Kama fumbo mnalijaza watu kadhaa, lipigeni fotokopi. Wino uwe wa neno ambalo angalau herufi zake mbili zimethibitishwa na maneno yanayolikata.

Hatua ya 2: Soma umbo la kidokezo kabla ya maana yake

Kiswahili kinakupa herufi za bure hata kabla hujalijua neno, na hapa ndipo wajazaji wengi wanapopoteza nafasi.

Anza na mwisho wa neno. Karibu kila neno la Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo kisanduku cha mwisho ni A, E, I, O au U. Kinachovunja kanuni hii ni baadhi ya majina ya watu na mahali, na vifupisho kama CCM. Kitenzi kwa kawaida huishia A, lakini vile vyenye asili ya Kiarabu huishia E, I au U: samehe, rudi, jaribu. Kidokezo kikisema "Ondoa kinyongo kwa aliyekukosea (6)" nawe ukalazimisha A mwishoni, SAMEHE haitakujia.

Kisha angalia mwanzo. Kidokezo cha wingi hudai jibu la wingi: "Hukaliwa" yaweza kuwa KITI, lakini "Vya kukalia" ni VITI. Mmea mzima mara nyingi huanza na M (mnazi, mwembe, mkarafuu) ilhali tunda lake halina M hiyo. Hali na sifa hupenda kuanza na U. Kidokezo chenye "ku-" kwa kawaida hutaka jibu lenye "ku-".

Halafu kuna herufi zenyewe. Q na X hazimo katika alfabeti yetu, na C haisimami bila H, isipokuwa kwenye vifupisho na majina ya kigeni. Ukipata C, andika H mbele yake papo hapo. Alama ya ng' kwa kawaida haipewi kisanduku, hivyo NG'OMBE hukaa katika visanduku sita. Watunzi hawafanani, kwa hiyo lipime hilo kwa neno ambalo huna shaka nalo.

Hatua ya 3: Acha maneno yahukumiane

Rudi kwenye mraba wetu. Kwa 1 Kulia, mtu wa Tanga atataja haraka KATANI, na kweli ina herufi sita. Usiiandike bado. Kidokezo kimesema mmea, na katani ni zile nyuzi zinazotokana nao. Mmea wenyewe ni MKONGE, nao pia una herufi sita. Ukitaka uthibitisho, nenda 2 Chini: "Si tezi". Anayefikiria tezi la mwilini atazunguka sana. Tezi hapa ni sehemu ya nyuma ya chombo cha baharini, na ya mbele ni OMO, kama methali isemavyo: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. O ya OMO inaangukia herufi ya tatu ya 1 Kulia. KATANI ina T hapo, MKONGE ina O. Shauri limekwisha.

4 Kulia ni sifa, kwa hiyo huenda inaanza na U, na wengi wataandika UZURI. Herufi ni tano, na maana inakubali. Lakini kisanduku cha tatu tayari kina O ya mwisho ya OMO, kwa hiyo UZURI inatoka na UBORA inaingia.

3 Chini ina majibu matatu yanayofanana: STOO (4), GHALA (5), BOHARI (6). Hesabu peke yake imekuchagulia GHALA, na G ya MKONGE inaiunga mkono.

5 Kulia ndiyo yenye mtego mkubwa kuliko zote. "Sala ni mojawapo (5)": Mwislamu atasema NGUZO bila kusita, kwa kuwa sala ni miongoni mwa nguzo tano, na visanduku ni vitano. Jibu hilo ni sahihi kabisa kwa maana, ila haliingii. GHALA inamalizikia kisanduku cha mwisho cha mstari huo, kwa hiyo jibu lazima liishie A. Sasa tazama 1 Chini: inaanza na M, ya tatu ni U. Kinachokuna bila kucha ni MBUZI, ile ya kukunia nazi. I yake inaanzisha 5 Kulia: I _ _ _ A. Ni IBADA.

Mraba uliojaa:

M K O N G E
B ■ M ■ H ■
U B O R A ■
Z ■ ■ ■ L ■
I B A D A ■

Hatua ya 4: Muulize mtu anayestahili kuulizwa

Kabla ya kuuliza, andika mambo matatu pembeni ya gazeti: kidokezo neno kwa neno, idadi ya visanduku, na herufi ulizo na hakika nazo pamoja na nafasi zake. Herufi ya kubahatisha usiitaje, maana itampoteza mwenzako kama ilivyokupoteza wewe. Dhana yako nayo iweke moyoni mpaka ajibu.

Maneno ya vyombo vya baharini wapelekee wavuvi wa Deep Sea au Sahare. Ya jikoni na mavazi, kina bibi. Ya dini, maalimu. Majina ya wachezaji, vijana wa kijiweni. Swali lenyewe liwe fupi:

"Shikamoo mzee. Naomba neno moja: sehemu ya chombo, si tezi, herufi tatu."
"Marahaba mwanangu. Si omo hiyo?"

Mzee anaweza kukupa neno la Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya Tanga, ambalo mtunzi wa gazeti hakulikusudia. Lipokee, kisha mwombe neno jingine lenye maana hiyohiyo.

Majina ya mahali yanahitaji tahadhari hata kwa wenyeji. "Wilaya ya mkoa wa Tanga (7)" inaweza kuwa PANGANI, KOROGWE, LUSHOTO, HANDENI au KILINDI. Tafuta kwanza herufi ya tatu: R ni Korogwe, S ni Lushoto, L ni Kilindi, N inakuachia Pangani na Handeni. Zikiwa sita, MUHEZA na MKINGA zote huanza na M na kuishia A, hivyo herufi hizo mbili hazikusaidii kitu. Subiri ya pili.

Hatua ya 5: Kamusi

Kamusi inafaa ukiwa na herufi mbili tatu za mwanzo. Ukiwa na za mwisho tu, ni kazi bure. Kitenzi kitafute bila "ku-". Kilichonyambuliwa kirudishe kwenye mzizi: PIKIWA utaipata kwa kuanzia "pika". Jina la wingi ligeuze umoja, VIGODA iwe "kigoda". Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ni nzuri kwa maneno ya zamani, lakini ukiwa na toleo la 1981 usitarajie kukuta "kishikwambi". Kwa maneno mapya chukua Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, ya 2015.

Hatua ya 6: Simu

Ukituma picha kwenye kundi la WhatsApp, piga kutokea juu moja kwa moja, mraba na vidokezo vyote vionekane, kisha andika: "4 Kulia, herufi 5, U _ O _ A". Programu za kujibu maswali ziulize hivyohivyo, na kila jibu hesabu herufi mwenyewe. Wakati mwingine huleta neno la herufi saba kwa visanduku vitano, tena kwa uhakika mkubwa.

Hatua ya 7: Mraba ukigoma kabisa

Futa neno uliloandika mapema bila kulithibitisha, hata kama unalipenda. Mara nyingi ndilo linalozuia mengine. Likibaki moja tu lisiloingia, na yote yanayolikata yamethibitika, hesabu visanduku na ulinganishe na namba ya kidokezo. Namba hukosewa uchapaji, na vidokezo vya Kulia na Chini hubadilishana nafasi. Hapo fuata herufi zilizokwisha kukaa, uache alama pembeni, na ulinganishe na majibu yatakapochapishwa.