Amtafute paka wake kila asubuhi

Kama unafundisha wagonjwa wa dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine figo zikishindwa) kutunza fistula ya mkono, yaani mishipa miwili ya damu iliyounganishwa kwa upasuaji ili mashine ipate damu, usiishie kumwambia mgonjwa "angalia kama inatetemeka." Shika vidole vyake, viweke juu ya kovu la upasuaji, muulize anahisi nini. Mama mmoja alinijibu, "Kama paka anakoroma." Neno hilo hilo liandike kwenye kadi yake, na kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani amtafute paka wake. Neno alilolitoa mwenyewe halisahau. Mtetemo ule ni damu ya ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) inayoingia kwa kasi kwenye vena (mshipa unaoirudisha); mshipa ukiziba kwa damu iliyoganda, unanyamaza. Ukinyamaza, au ukigeuka mapigo magumu yanayogonga vidole, aje hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri zamu yake ya Alhamisi, maana mshipa ukiwahiwa una nafasi kubwa zaidi ya kuokolewa. Kwa anayesafishwa damu kwa mpira wa shingoni badala ya fistula, njia hii haifanyi kazi, hakuna mtetemo wa kutafuta. Na mwenye kisukari aliyekufa ganzi vidoleni, aweke mkono wenye fistula sikioni asikilize mvumo, au mfundishe mtu wa nyumbani kwake.