Kufanya Mazoezi ya Kufundisha Huko Moshi Bila Kuacha Tambiko la Ukoo

Mwanachuo anayeshika mila za Wachagga, anayemwomba Ruwa, yaani Mungu, na kuwakumbuka wahenga kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, aoanishe kalenda zake mbili kabla ya kuripoti shuleni. Awaulize wazee wa ukoo siku ya tambiko mapema, kisha ailinganishe na azimio la kazi na juma ambalo mkufunzi wa chuo anatarajiwa kuja kumkagua; siku zikigongana, awaombe wasogeze tambiko hadi Jumamosi au likizo, maana mbege yenyewe, pombe ya ndizi na ulezi, huandaliwa kwa siku kadhaa na haipikwi kwa kushtukiza.

Ibada ya kila siku iwe fupi. Alfajiri inatosha kusimama penye isale, mmea mtakatifu wa Wachagga, uso ukielekea Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na kusema maneno machache. Kuonja mbege asubuhi sikushauri kabisa, kwani harufu ya pombe darasani haina utetezi. Andalio la somo na zana vikamilishwe usiku, la sivyo dakika hizo zitaliwa na maandalizi.

Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa imani, lakini darasa si mahali pa kuitangaza. Mwanafunzi akiuliza kuhusu jani la isale, ajibiwe kwamba Wachagga hulitumia kuombea msamaha na amani, kisha somo liendelee. Ruhusa ya kutokuwapo iombwe kwa mkuu wa shule kwa maandishi, ikitaja shughuli ya ukoo na mwalimu atakayeshika vipindi.