Unafundisha yoga? Mwanafunzi wetu hakwambii kama anaumia

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha nlikuwa na kikundi cha kina mama hapa Jambiani, Zanzibar, wengi wao wakulima wa mwani, siku hiyo bi mkubwa mmoja kakaa kitako kanyoosha miguu anainama ashike vidole, mie nkamwekea mikono mgongoni nkamsukuma taratibu kama nlivyoona walimu wengine wanafanya. Hakusema kitu. Kazuia pumzi, vidole vya miguu kavikunja, mie nkadhani anajitahidi. Asubuhi yake akaja binti yake kunambia mama hawezi kuinuka kitandani.

Kwetu mtu hamwambii mwalimu "unaniumiza", anaona ni kukosa adabu, kwa hiyo ukingoja aseme utaumiza watu kila wiki. Tazama uso na sikiliza pumzi. Pumzi ikikatika, taya likikaza, mtoe kwenye mkao hapo hapo hata kama anakwambia niko sawa mwalimu.

Kabla ya darasa muulize kila mtu pembeni, sio mbele ya wenzake, maana nani atataja mimba ya miezi miwili majirani wanasikia? Uliza presha, sukari, mgongo, magoti, operesheni, kama kajifungua karibuni, na presha ya macho. Mwenye presha ya macho au presha isiyotulia usimpe mikao ya kichwa chini. Mjamzito asilalie tumbo wala asijipinde kwa nguvu, na kuanzia miezi mitano hivi asilale chali muda mrefu kwani uzito unabana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, mlaze ubavu na mto katikati ya magoti.

Sasa hawa wa mwani. Bamvua likiingia maji yakapwa wanashinda wameinama kufunga mbegu kwenye kamba, halafu jioni wanakuja kwako na wewe unawainamisha tena! Msuli wa nyuma ya paja ukiwa umekaza na miguu imenyooka, nyonga haizunguki, basi mgongo wa chini ndo unaojikunja peke yake. Wakunje magoti wanapoinama, tena waweke khanga iliyokunjwa chini ya makalio. Bora zaidi uwalaze chali, magoti juu, wanyanyue kiuno taratibu mara tano sita, au walale kifudifudi wanyanyue kifua kidogo tu. Na mtu akikwambia anahisi kuvutwa katikati ya paja hakuna tabu, ila akionesha pale juu kabisa chini ya kalio, kwenye mfupa, mtoe kwenye mkao hapo hapo, sehemu hiyo ikichanika inakaa miezi.

Goti ni kama bawaba, linakunja na kunyoosha, kuzunguka ni kazi ya nyonga. Kwa hiyo mkao wa kupandisha mguu juu ya paja usilazimishe hata kidogo. Kusimama kwa kichwa mie sifundishi kwenye kikundi kabisa, pingili saba za shingo zimezoea kubeba kichwa cha kilo nne tano, sio mwili mzima, na picha nzuri ya pwani hailipi shingo ya mtu.

Tukija pwani yenyewe, mchanga laini unazamisha kiganja na kifundo cha mkono kinajikunja zaidi, so mikao ya kuegemea mikono fanyeni kwenye mchanga mgumu uliotulia au barazani, vidole vitanuliwe, uzito uende mpaka kwenye vidole usikae wote nyuma ya kiganja. Mkeka wa ukindu kwenye sakafu ya saruji unateleza, jamani. Na usipange watu chini ya mnazi, dafu halipigi hodi. Kaskazi joto linakuwa kali, fundisha baada ya alfajiri au magharibi ikikaribia, maji yawepo, na mkimaliza kulala kupumzika mwisho wa darasa watu wainuke polepole wapitie ubavu kwanza. Ramadhani mie nahamishia usiku baada ya tarawehe.

Ganzi, maumivu ya kuchoma yanayoteremka mguuni, kifua kubana, kizunguzungu kisichoisha, hapo darasa limekwisha kwa huyo mtu, apelekwe hospitali, usimkande.

Kuhusu kumgusa mtu, kwanza jitahidi kuelekeza kwa maneno, na mwalimu wa kiume asiguse wanawake. Mie siku hizi kila mtu nampa kombe la pwani, yaani gamba la baharini, aliweke mbele ya mkeka wake, likikaa wazi naweza kumsaidia kwa mkono, likifunikwa simgusi, na anaweza kuligeuza wakati wowote bila kusema neno. Yule bi mkubwa alirudi baada ya kama miezi miwili hivi, kakaa safu ya nyuma, kombe lake kalifunika. Bado analifunika mpaka leo, na kila darasa anakuja.