Mabano ya ndani ya while usiyaruke
Ukisoma herufi moja moja kwa lugha ya programu ya C, andika while ((c = getchar()) != EOF); EOF ni alama ya mwisho wa faili. Mabano ya ndani si mapambo: != hutangulia =, kwa hiyo ukiyaacha, c inapewa jibu la ulinganisho, 1 au 0, na herufi yenyewe inapotea. Niliwahi kukesha nikishangaa mbona programu inachapa takataka tupu.

Halafu c iwe int (namba kamili), si char (aina ya baiti moja). EOF ni namba hasi, kwa kawaida -1. Pale ambapo char haibebi namba hasi, kitanzi hakiishi kamwe, na pale inapobeba, baiti 0xFF inaweza kukikatiza katikati ya faili.

Kwa while (p = p->next), ambapo = umeikusudia kweli, ongeza mabano ya pili, while ((p = p->next)), na gcc (kompaila ya C) yenye -Wall (chaguo la kuonyesha maonyo) itaacha kulalamika.